Suti Yako Haimo Kwenye Picha

Kwa ndugu yangu mkubwa, Makokha,

Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kubeba marobota ya nguo kiwandani hapa Thika. Huku Kimbo ninakolala, mvua imegeuza njia zote kuwa matope.

Unalalamika kwamba picha ya marehemu mama imechukua mwaka mzima. Mimi huchora Jumapili pekee, na rangi ya mafuta haikauki haraka. Lakini aliyenichelewesha ni wewe. Ulinitumia picha yako umevaa suti, ukaniagiza nikuchore umemshika mama mkono. Nilikuchora, nikafuta, nikakuchora tena. Mkono wako ulikataa kukaa. Jirani yangu Kang'ethe alichungulia akacheka: "We Wanyama, huyu wa suti anangoja nini hapo, gari la Nairobi?"

Nikaelewa. Sijawahi kukuona ukimshika. Mama alipolala kitandani miaka miwili, dada yetu Nekesa ndiye aliyemwosha na kumlisha. Sasa unataka kumfukuza kwenye nyumba ya mama kwa sababu ameachika, na siku ya ukumbusho picha ikuonyeshe wewe kuwa mwana mwema.

Nimekufuta kabisa. Nimemchora Nekesa mahali pako, na mikono ikakaa vizuri siku hiyo hiyo. Usije kuichukua hapa. Nimeshampelekea mchungaji, na ataifunua mbele ya ukoo wote. Akimaliza, simama umwambie Nekesa afunge virago, sote tukisikia.

Mdogo wako asiyekuogopa tena,
Wanyama