Mkutano Tumeuhamishia Mabanga

Kwako Baba Joan,

Huku Matisi tuko salama, mvua tu ndiyo imezidi. Joan siku hizi anapanga vikombe kwa mstari, ukimuuliza anasema, "Baba, mkutano."

Si unakumbuka kikundi chetu cha akina mama kilitaka mkutano wa mwaka ufanyike baharini, huko Mombasa? Mimi ndiye nilipewa kazi ya kutafuta ukumbi, nikataja hoteli yenu, kwa vile kazi yako ni kupanga mikutano. Mama Chelagat akacheka, "Ati ukumbi! Huyu anatafuta bwana." Nilicheka pia, kwa sababu ni kweli.

Basi nikapiga simu hotelini. Niliulizia viti, nikaulizia chakula, halafu nikasema ningependa Hillary atupangie. Msichana wa simu akasema uliachishwa kazi tangu Pasaka.

Na jana ulinipigia ukasema mikutano ni mingi, ruhusa hakuna. Nilikusikia tu ukikohoa.

Wenzangu nimewaambia ukumbi wa baharini umejaa. Sasa tutakutana Mabanga, hapo Bungoma karibu na kwa mama yako. Hakuna anayejua kuwa huna kazi, hata yeye. Barua hii nampa binamu yako Ian akija huko Mombasa, maana anasema anajua unapolala.

Lakini Mabanga hatuna mtu wa kupanga viti. Nimewaambia yuko mmoja, hiyo kazi anaijua sana. Njoo, bana. Mimi kitandani bado nalala upande wangu tu.

Ni mimi wako,
Pauline