Leso Nyeupe Niliyompungia Mwanangu

Mpendwa Dona Benilde,

Naomba msaada wako, na naomba jina langu lisitokee gazetini kwenye safu yako ya ushauri, maana mimi ni mtu mzima, mjane, mwanachama wa timu ya mji wetu tangu sijaota ndevu, na nililolifanya hata padri sijamwambia. Mwanangu wa pekee, nimwite Telmo ingawa si jina lake, alikuwa beki wa kati, beki kweli, si hawa wa siku hizi wanaoogopa kuchafua kaptura. Alianzia hapa hapa kwetu, akanunuliwa na klabu ya Lisbon, akaenda kucheza Uturuki, goti likamsaliti, akarudi, akasomea ukocha, akafundisha timu za madaraja ya chini huko Alentejo ambako mbuzi walikuwa wanakatiza uwanjani, mpaka mwaka jana timu yetu ikampa kazi, nami nikalia kwa furaha mbele ya watu mkahawani.

Basi msimu ukawa mbaya, tukafungwa, tukafungwa tena, na Jumapili ile tulipofungwa nyumbani na majirani zetu, mashabiki wakasimama wakatoa leso nyeupe kumpungia kocha, na huku kwetu Ureno maana yake ni moja tu, funga virago; nami nimewapungia makocha wengi maishani, Dona Benilde, sidanganyi, ina raha yake, na Zeferino ninayekaa naye jukwaani akaniambia, "Baba Telmo, wewe kaa tu, hii haikuhusu," lakini mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, naapa, ukaingia mfukoni ukatoa ile leso ya kitani aliyoidarizi marehemu mke wangu, ninayoitunza kabatini kwa ajili ya harusi na mazishi, kwa sababu leso yangu ya kila siku ni ya bluu na haipungwi, nikapunga, nikapunga mpaka Zeferino akanishika mkono, "We mzee, una wazimu? Huyo si mwanao?"

Kesho yake wakamfukuza. Alikuja nyumbani, nikampikia samaki wa chumvi na viazi, hakugusa, akaanza kulia, mwanamume wa mabega yale, akasema, "Baba, sikuthubutu kutazama jukwaani. Lakini nilijua, hata uwanja mzima unipungie, kuna mtu mmoja amekaa."

Nikamwambia, "Kula, mwanangu, samaki anapoa."

Akaomba kitu cha kufutia machozi, nikampa ile leso ya bluu, na ile nyeupe ilikuwa bado mfukoni mwangu. Sasa kila Jumapili anakuja kula, na Jumapili iliyopita alimwambia Zeferino mwenyewe, niliyemkaribisha mezani, mbele yangu, "Mzee wangu peke yake hakunyanyuka," Zeferino akainamia glasi yake ya mvinyo, nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nimwambie, au niende nayo kaburini?

Baba wa Beki, Minho

*

Baba wa Beki,

Pole. Naisema kwanza, maana huko mbele sitapata nafasi ya kuisema.

Mkono ulinyanyuka wenyewe? Na leso je, ilitembea yenyewe kutoka kabatini? Umeandika kwa mkono wako kwamba ile nyeupe ni ya harusi na mazishi. Jumapili ile nani alikuwa anaolewa? Uliitoa asubuhi, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukaenda uwanjani ukijua unakwenda kufanya nini. Barua nzima unalizunguka jambo hilo kama mtu anayepita mbali na mbwa wa jirani.

Ulimkasirikia mwanao kwa sababu timu yako ilikuwa inafia mikononi mwake. Haya, hasira ni hasira, na pengine hata ulikuwa na haki. Mimi mpira siujui. Lakini anakula mezani kwako! Ungemwambia usoni, "Mwanangu, kazi hii imekushinda, iache." Ukaona afadhali ujifiche katikati ya umati na kipande cha nguo cha marehemu mama yake. Ni vibaya, bwana, na aibu unayoiona ni yako kwa haki.

Kwa hiyo habari za mkono usimwambie. Mwambie habari za kabati. Mpe hiyo leso. Akiitupa motoni, iache iungue. Akiondoka bila kula, usimfuate na sahani. Mtu aliyevunjwa goti akarudi kusimama ataubeba ukweli wa baba yake. Asichoweza kukibeba ni kuusikia kwa Zeferino. Na siku akipata timu nyingine, hata iwe ile ya mbuzi, panda basi uende, ukae.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini hebu niambie, hapa Minho ni mabeki wangapi waliocheza Uturuki wakarudi kufundisha timu ya kwao? Wewe ukisoma hapa, mkahawa mzima nao unasoma. Ulilijua hilo ulipobandika stempu, kama ulivyojua asubuhi ile mbele ya kabati, na safari hii nadhani ulilolitaka ni jema, kwamba ajue.

Pengine mwanao bado hajanunua gazeti. Weka hili chini, umpigie simu.

Dona Benilde