Mama Mkwe Amebatizwa, Mimi Nikiwa Benchi la Tatu

Jongno, Seoul
20 Mei 1997

Mpendwa mdogo wangu Geumhwa,

Hujambo huko São Paulo? Shemeji hajambo, na cherehani zenu bado zinawapa riziki? Baridi ndiyo inawaanzia sasa, nadhani. Vaa soksi, kifua chako nakijua. Sisi wazima. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi za stesheni, lakini najikongoja.

Nina habari, na nakuandikia wewe kwa sababu nikisema hapa nitaonekana mbaya. Mama mkwe wangu amebatizwa juzi Jumapili, siku ya Pentekoste.

Ndiyo, yule yule. Unakumbuka nilivyokuwa nikimpeleka kanisani, mvua na theluji, naye anapitiliza moja kwa moja jikoni kumenya vitunguu. "Mimi nimefuata supu ya tambi," alikuwa akiwaambia akina mama, "huyo Yesu wenu mwachieni mkwe wangu Geumran." Nimemwombea miaka, mdogo wangu. Nimemfundisha Imani ya Mitume ndani ya basi mpaka abiria wakatukodolea macho.

Sasa sikia. Baada ya mwaka mpya, Bunhui, mke wa shemeji yangu mdogo, alianza kuja kanisani. Alibatizwa utotoni kisha akapotea. Hajui hata wakati wa kupiga magoti, yeye huinuka wenzake wakikaa. Akajisogeza jikoni kwa Mama, wakawa wanacheka tu juu ya beseni la kabichi ya kimchi. Kufika Kwaresima, Mama anamwambia Padri Yohana kwamba yuko tayari kubatizwa. Na mama yake wa ubatizo awe nani? Bunhui!

Nilihisi kama nimemwagiwa mchuzi wa moto kifuani. Tulipofika nyumbani sikuvumilia.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa mbona Bunhui?"

"Wewe utanisahihisha mbele ya watu," akasema, wala hakuniangalia. "Bunhui na mimi tutakosea pamoja."

Sikumsemesha mpaka chakula cha jioni cha kesho yake. Halafu Bunhui naye akaja, eti, "Dada, mama wa ubatizo anavaaje?" Nikamwambia avae chochote. Akaja na vazi letu la hanbok, la rangi ya waridi, akapendeza, nikazidi kuumia.

Jumapili kanisa lilijaa, hata watu wa maofisini wanaopita tu pale katikati ya jiji waliingia. Padri akauliza, "Je, unamwamini Mungu Baba?" Mama kimya. Akamgeukia Bunhui. Bunhui akatazama dari. Kimya kile, Geumhwa! Nilijiziba mdomo kwa kitabu cha sala, nikijua nikiufungua nitakuwa nimethibitisha yale aliyonisema. Nikashindwa.

"Ninamwamini!"

Kanisa zima likageuka. Mama akanikazia jicho, kisha akamwambia Padri, "Ndiyo hivyo. Na mimi pia." Watu wakacheka, hata Padri maji yakamtikisika mkononi. Sasa anaitwa Ana. Kwenye picha Bunhui amemshika mkono, nami nimesimama pembeni na mikoba yao wote wawili.

Jana asubuhi naosha mchele, Mama akaja. Anataka nimfundishe Imani ya Mitume tena, imemtoka yote. Nikamuuliza kwa nini asimwombe mama yake wa ubatizo.

"Nimeshampigia simu. Hajui hata mstari wa pili."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka mchele ukanimwagika. Tukaanza polepole. Alipokosea mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili nikamsahihisha.

Msalimie shemeji, na mwanao Gyuho, na umbusu mdogo wake Seolah kwa niaba yangu. Shangazi Pilsun anawasalimu sana. Bwana awafunike nyote kwa mkono wake, akulinde kifua chako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na kinyongo,
Geumran