Doa Linalokwenda Nyuma ya Jua

Neema mwanangu, umeacha kulia? Hapa Kisaka jua ni kali. Leo nimeazima darubini, nikaangusha picha ya jua kwenye karatasi nyeupe kama tufanyavyo nyumbani. Doa moja jeusi lilikuwa ukingoni kabisa. Mama Wambura, mwenyeji wangu, akaweka chini kibuyu cha maziwa, akainama: "Kumbe jua lina baka kama ndama wangu!" Nikamwambia kwa huzuni kwamba jua hujizungusha, kesho doa litakwenda nyuma yake, hatutaliona kwa wiki mbili hivi. Akasema, "Sasa unasikitika nini? Ndama akipita nyuma ya kilima mimi silii, nasikiliza kengele."

Uliniuliza nitarudi lini. Kila asubuhi litafute doa na mama, karatasini tu, usilitazame jua lenyewe. Doa likichomoza ukingo wa pili, anza kusikiliza geti.

Baba yako, anayekukumbuka mno