Maziwa ya Bosi

3 Februari

Baba Bosi, mume wangu,

Umzima huko kwenye vyuma na vumbi? Sisi tupo, tunapumua. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto unamtikisa binti yako, kwa hiyo ukiona mstari umepanda juu ghafla ujue amepiga teke. Lori la vifaa la huko kwenu linaondoka leo, na barua hii lazima niiwahishe kwa mlinzi wa ghala.

Nianze na langu. Ile baridi yabisi imerudi tangu nijifungue, na safari hii imerudi kwa hasira. Vidole vimevimba hadi mkasi haushikiki. Nguo za watu zimelala hapa mezani na wenye nguo wamenuna. Daktari amesema dawa ya kunituliza ipo ila ni kali, inapenya hadi kwenye maziwa, na nikiimeza sitakiwi kunyonyesha. Kuna nyepesi zaidi, tulishaijaribu ukiwa bado hapa, unajua haikutusaidia kitu. Nilimnyonyesha mara ya mwisho pale pale kwenye benchi la hospitali. Alishiba akalala. Mimi nikalia, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona maishani akanishikia mkoba mpaka nikamaliza.

Sasa mtoto anahitaji maziwa ya kopo, na makopo yako mawili juu ya meza ya cherehani yakinitazama. La kwanza ni jeupe, ndilo hospitali walilonielekeza. Viambato vyake vinajaza upande mzima wa kopo: maltodekstrini, salfeti ya chuma, salfeti ya zinki, na majina mengine ambayo ulimi wangu umegoma kuyatamka. La pili ni la kijani, amelileta dada yako kutoka duka analouzia. Wifi ananiapia kwamba ni ya kilimo hai, hayana dawa za kupulizia wala madudu ya maabara. Yenyewe yameandikwa hivi: maziwa ya mbuzi ya kilimo hai, sharubati ya mchele wa kilimo hai, mafuta ya alizeti ya kilimo hai, vitamini C. Basi, yameishia hapo.

Moyo wangu unaegemea la kijani kwa sababu naelewa kila neno. Kichwa changu kinasema daktari hakunitajia la kijani. Kwa sasa nimefungua jeupe maana mtoto hali maneno. Lakini huyu ni wetu sote, sitaki niamue peke yangu halafu uje uniulize. Nijibu.

Mama Bosi


14 Februari

Mama Bosi,

Pole na vidole, mke wangu, pole na ile siku ya benchi. Mimi mzima. Bwawa linapanda, tunachomelea mabomba ambayo ndani yake mtu anatembea bila kuinama. Chakula si kibaya, ila mpishi wetu anaamini chumvi ni mboga.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi wenzangu wameanza kunitania. Sasa sikiliza. Hiyo zinki mimi naijua kwa karibu. Ukichomelea bomba lililopakwa zinki ukavuta ule moshi mweupe, jioni unatetemeka kwa homa kama umemwagiwa barafu. Fundi wetu mmoja alilazwa. Na hiyo salfeti ya chuma ina harufu ya kutu hata kwenye karatasi. Mimi nakula moshi kutwa nzima ili binti yangu asile moshi. Halafu nimpe zinki kwenye chupa? Hapana.

Kopo la kijani lina mambo manne na yote ni chakula. Mpe hilo. Mshukuru dada, najua mnavutana, lakini safari hii ametufaa.

Mbusu Bosi kwenye kitambi chake. Mwambie baba anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Baba Bosi


26 Februari

Baba Bosi,

Salamu zako zimefika na kitambi kimebusiwa. Wewe unaendeleaje?

Nimefanya ulivyosema. Kopo jeupe nimempa jirani mwenye mtoto wa umri huu huu, na Bosi sasa ni wa kijani. Anayapenda mno, ni matamu, nimeonja. Choo chake kimebadilika kidogo lakini wifi anasema ni tumbo linazoea. Analala sana. Zamani nikiwasha cherehani alikuwa anapiga kelele kama mwenye nyumba anayedai kodi, siku hizi nashona upindo mzima yeye kimya. Wifi anasema hayo ndiyo matunda ya chakula safi, mtoto ametulia.

Vidole vimeanza kunyooka. Jana nimekata suruali nzima bila kuuma meno.

Nakuandikia kwa ufupi, nguo za watu zinaniita. Ila niambie kitu kimoja: mtoto wa miezi mitatu anatakiwa kutulia hivi?

Mama Bosi


12 Machi

Mama Bosi,

Natumaini kimya chenu ni cha heri. Lori limekuja nikamkimbilia dereva, akaniambia hakukuta barua kwa mlinzi wa ghala unakoziachaga. Pengine ulikuwa na kazi nyingi.

Uliniuliza kuhusu utulivu wa Bosi. Mimi mtoto huyu nimemshika wiki chache tu kabla sijaondoka, najua nini? Ila nakumbuka hakuwa mtulivu. Alikuwa anatufokea.

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba Bosi


20 Machi

Mke wangu,

Lori limekuja tena, mikono mitupu. Nimemuuliza dereva kama aliona taa nyumbani kwetu akasema yeye hupita ghalani tu, mtaani kwetu hafiki. Nimemnunia bure, hana kosa.

Sasa nikueleze jambo na tafadhali ulisome ukiwa umekaa. Juzi nimevuta moshi wa zinki. Feni ya kutoa hewa ilizima na mimi nikajifanya mwanaume, nikamalizia. Homa ikanipata. Nikapelekwa kwa muuguzi wa kambi, dada mmoja mcheshi asiyekosa neno. Wakati ananipima nikamwambia, "Ajabu ni kwamba kuna watu wanatia hii kitu kwenye maziwa ya watoto." Nikafikiri atashangaa pamoja nami.

Akanitazama. "Nani kakwambia ni hii?"

"Zinki si zinki?"

"Ulichovuta ni moshi wa zinki iliyochemka. Iliyoko kwenye maziwa ni chembe, imepimwa, mwili wa mtoto unaitafuta. Hata maziwa ya mama yake yana zinki. Na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Jina lake likikutisha kwenye kopo, usikimbie, uliza kazi yake."

Nikamwonyesha barua yako ya kwanza, ninayo mfukoni siku zote. Akasoma yale mambo manne. Hakucheka tena. Akauliza mtoto ana miezi mingapi na kama anakula kitu kingine. Nikamjibu. Akaniambia, "Hapa chuma hakipo. Na vingine vingi havipo. Mwambie mama amrudishe kwenye maziwa ya hospitali na ampeleke akapimwe damu. Leo, si kesho."

Mama Bosi, nilikaza shingo kwa jambo nisilolijua. Mrudishe kwenye jeupe. Mpeleke. Dereva nimemwomba, naye amekubali, barua hii aifikishe mlangoni kwako mwenyewe. Mimi nimeomba likizo, msimamizi anatafuta wa kunishikia zamu. Roho yangu iko mkononi.

Baba Bosi


23 Machi

Baba Bosi,

Tulia kwanza. Mtoto yuko hapa pembeni yangu, macho makavu, anatafuna pindo la gauni la mteja. Sasa endelea kusoma.

Dereva amegonga asubuhi na barua yako, amegoma kukaa lakini amekunywa chai amesimama. Ile ya kabla yake niliipata pia. Sikujibu, na nitakwambia ukweli kwa nini. Nilikuwa na hasira. Kila nikishika kalamu naandika maneno ambayo mtu hawezi kuyarudisha, nachana. Nikasema heri ninyamaze mpaka nijue mwisho wake.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwezi nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Mshale wa mizani ukasimama karibu pale pale uliposimama mwezi uliopita. Nikadhani imeharibika. Yule dada wa mizani akamvuta Bosi kope ya chini, akatazama ndani, akatazama viganja vyake, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, nyanyuka, twende kwa daktari sasa hivi." Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama unga na mimi ninayemwogesha kila siku sikuona. Ukimtazama mtu kila saa humwoni.

Daktari wa watoto akaomba kopo. Nilikuwa nalo mkobani. Akalizungusha, akakwangua kwa ukucha kile kikaratasi cha bei ambacho duka la wifi walikibandika. Chini yake kuna maneno: kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja na kuendelea, si mbadala wa maziwa ya mama. Macho yalinitoka.

Damu yake ilikuwa imeshuka. Si ya kuongezewa, lakini imeshuka. Halafu daktari akanieleza kuhusu ile sharubati ya mchele. Kumbe mpunga hunyonya arseniki, ambayo ni sumu, kutoka ardhini na kwenye maji, uwe wa kilimo hai au wa dawa, ardhi haiulizi. Mtu mzima anayekula wali na vitu vingine hana haja ya kutishika. Mtoto ambaye chakula chake chote cha siku kinatoka kwenye kopo moja, hiyo ni habari nyingine. Niliposikia arseniki nikajua nimemuua mwanangu. Daktari akanisogezea kiti. Akasema, "Umemnywesha wiki chache, na leo unaacha. Sioni dalili ya sumu, naona mtoto aliyekosa chuma na chakula kamili. Hilo tunalirekebisha."

Nikamuuliza kama basi haya mambo ya kilimo hai ni uongo. Akasema hapana. Yapo maziwa ya watoto wachanga ya kilimo hai yaliyo kamili, yana chuma, yana zinki, yana yale majina yote marefu, kwa sababu sheria inadai. Neno hilo linakwambia ng'ombe alilishwaje na shamba lilitunzwaje. Halikwambii kama mtoto wa miezi mitatu ataishi nalo. Akasema anza na umri, kisha uliza kama ni kamili, kisha ndiyo utazame shamba.

Nilirudi nyumbani nikiwa na matone ya chuma na kopo jeupe jipya. Nilikukasirikia wewe kwa sababu ya zinki yako, nikamkasirikia wifi, nikajikasirikia mimi niliyekuwa na mashaka nikayameza. Wifi alikuja jioni. Nilikuwa nimepanga maneno. Akaingia, akaona viganja vya mtoto, akakaa chini sakafuni kwa gauni lake la kazini akalia mpaka mimi ndiye nikawa wa kumbembeleza. Kesho yake alibandua vile vikaratasi kwenye makopo yote ya rafu ile, na mwenye duka alipomfokea akamwambia aje kwangu anifokee mimi. Sasa hivi ndiye anayempa Bosi matone, maana mimi mtoto ananitemea.

Leo tumetoka kliniki tena. Uzito umepanda. Damu inapanda. Viganja vimerudia rangi yake. Na jana nilipowasha cherehani alinifokea, mume wangu. Alinifokea hasa, amekunja ngumi. Nilizima cherehani nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia dirishani.

Hasira imeisha. Sina hata pa kuichimbua. Njoo.

Mama Bosi


27 Machi

Mama wa mtoto wangu,

Dereva alinikabidhi barua nikiwa juu ya jukwaa. Nilishuka, nikakaa kwenye gogo la bomba, nikasoma hadi pale pa kutafuna pindo, nikashindwa kuendelea. Mwenzangu akadhani ni msiba akavua kofia. Nikamwambia si msiba, nipe maji.

Ungenitukana tu. Matusi ningeyapokea kuliko kile kimya. Lakini nimekuelewa.

Muuguzi amesikia habari, amesema nikuambie hongera kwa kumwahisha kliniki. Msimamizi amenipa likizo. Natoka na lori lijalo, nitakaa mbele na dereva, yeye ana nyimbo tatu tu na zote za huzuni.

Siji kuamua kitu. Nakuja kubeba mtoto.

Baba Bosi


2 Aprili, juu ya meza ya cherehani

Baba Bosi,

Mmelala wote wawili mmeachama, nimeona haya kuwaamsha. Nimekwenda hospitali kuonana na daktari wangu wa viungo. Wifi atapita akitoka kazini.

Bosi akiamka atakuwa na njaa. Maji ya moto yako kwenye chupa ya chai, yamechemshwa asubuhi hii. Pima unga kwa kile kijiko cha ndani ya kopo, ukisawazishe kwa kisu, usijaze kilima. Fuata kopo linavyosema, usiongeze kwa mapenzi. Tikisa, kisha ipoze chupa yake ya maziwa kwenye bakuli la maji baridi, dondoshea kwenye kifundo cha mkono wako. Mkono wako wa kuchomelea hausikii moto, kwa hiyo dondoshea shavuni.

Atakutazama kama mgeni. Muimbie chochote.

Mama Bosi


Hapo hapo, chini yake

Mama Bosi,

Aliamka. Akanitazama, akafikiri, akapiga kelele ambayo kule bwawani ingesimamisha kazi. Nilipima, nikasawazisha, nikadondoshea shavuni. Nilimwimbia za dereva kwa kuwa ndizo nilizo nazo.

Amemaliza yote. Amenitapikia begani kidogo, shati lile jipya uliloshona. Dada amepita, amempa matone, hakuyatema, kaondoka anatamba.

Daktari amesemaje vidole vyako? Nisome ukirudi, halafu uniamshe uniambie, hata kama Bosi amelala juu yangu. Tutasogea.

Mumeo