Kwa Ernestine Nabintu, Muunga Mifupa wa Kimanga, Aliyekataa Kupanda Mtumbwi

Mwaka umezunguka, Ernestine, tangu utuache, na mimi mume wako bado niko na hasira. Padri amenishauri niiache. Haitoki.

Watu bado wanabisha hodi. Huyu bega limetoka, yule kiuno kimekamata. Nawaambia umekufa, wanakaa kwenye benchi, eti watangoja. Uliwazoesha vibaya.

Dole gumba lako lilikuwa na masikio. Ulipaka mawese ya moto, ukakanda polepole kutoka vidoleni kwenda juu, kimya, mpaka mshipa wenyewe ukuambie umejikunja wapi. Bega hukulivuta kwa nguvu. Ulimshika mtu mkono, ukamuuliza habari za mama mkwe wake, na kabla hajamaliza kulalamika bega limerudi. Yule Mbelgiji wa kampuni ya pamba, kabla ya uhuru, lake lilirudi kwa kishindo mpaka watu wa Usumbura, kule ng'ambo ya ziwa, wakaanua nguo wakidhani mvua. Kila nikisimulia hivyo ulisema, "Weye muzee, uongo utakuvunja shingo, na hiyo sitaiunga."

Mguu uliovunjika ulikuwa na desturi yake, uliyoachiwa na mama yako. Ulivunja pia mguu wa kuku, mahali palepale, ukaufunga kwa majani yaleyale na vijiti vya matete. Siku kuku inasimama, ndipo mtu anafunguliwa. Siyo kabla. Hata mkubwa wa kituo cha serikali alingoja kuku.

Basi mwaka jana, bunduki zilipokaribia mji, ndani kwetu alikuwa amelala Semana, mfugaji wa kule milimani, mguu umevunjika chini ya goti. Mtumbwi wa mkwe wetu Étienne ulikuwa tayari.

"Tumubebe," nilisema.

"Mufupa haujashikana. Mawimbi yakimutikisa, atachechemea mpaka kaburini."

"Na kuku iko namna gani?"

"Haijasimama. Bado siku sita hivi."

"Utakufa sababu ya mguu wa muntu mwingine?"

"Enda na watoto, baba Honorine. Unanisumbua, minye niko na kazi."

Nikaenda. Hilo pia uliamua weye, na hilo pia linanikera.

Siku ya nne risasi ilipita ukutani. Hakuna anayejua ilitoka upande gani. Ilikukuta umeinama, unamkanda Semana vidole vya mguu. Siku ya sita kuku ikasimama. Jirani yetu Apolline ndiye aliyemfungua mgonjwa wako, kama ulivyokuwa umemwelekeza.

Jumapili iliyopita Semana alishuka kwa miguu kutoka milimani, na kibuyu cha maziwa begani. Nilimtembeza uani makusudi, aende, arudi, aende tena, huku nimeinama nikitafuta kuchechemea hata kidogo, nipate neno la kukulaumu. Hakuna. Anatembea vizuri kuliko mimi. Nilikaa chini, nikalia, naye akanishika bega.

Wanaokukumbuka ni mimi mume wako Jean-Berchmans, binti yetu Honorine na mume wake Étienne, mtoto wetu Libérat, dada yako Mama Sévère, wajukuu wote, na Semana, ambaye amekataa kuandikwa kati ya majirani, akasema aandikwe kati ya watoto. Tumemwandika.

Utake usitake, Ernestine, hatutakusahau kamwe.