Mguu Usiouma Haujapona

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumanne asubuhi, kabla mteja hajabisha hodi.

Kaka mpendwa,

"Mguu ukiacha kuuma, umepona." Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu juzi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, kisha ukakata kabla sijajibu. Ulifanya vizuri kukata, maana ningekujibu kwa kelele na majirani wangedhani nimevamiwa. Sasa nakujibu kwa kalamu, na kalamu haina kitufe cha kukatia.

Lakini tumelelewa, kwa hiyo salamu kwanza. Hujambo, kaka? Wifi hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado akiinama huinuka kwa awamu? Na sukari yako ya asubuhi inasomaje? Nataka namba, sitaki "naendelea vizuri". Sisi huku wazima. Shemeji yako kapata kikohozi na anajiuguza kwa sauti kubwa ili nyumba nzima ishiriki. Binti yangu ananizidi urefu sasa, anavaa nguo zangu bila kuomba, nami nazipunguza bila kumwambia.

Mimi mwenyewe ni mzima, tena nina habari! Jana nesi alifungua bandeji na kidonda changu kimefunga. Kimefunga kabisa, kaka! Ngozi mpya, laini kama bitana ya koti. Nilimkumbatia nesi yule mpaka miwani yake ikaenda kukaa shingoni. Nilirudi nyumbani nikiimba barabarani, na wapita njia wakanipisha.

Najua unauliza: kidonda gani? Hukuambiwa kwa sababu wewe hadithi isiyo na mwisho hukunyima usingizi. Sasa mwisho upo. Kaa chini.

Wewe na mimi tumerithi vitu vitatu kwa mama: pua yake, kisukari chake, na kukanyaga cherehani miguu mitupu. Unakumbuka alivyosema, wayo ni sikio la pili la fundi. Wayo husikia uzi ukikaza kabla haujakatika, husikia sindano ikianza kuwa butu. Mwanafunzi aliyekuja na viatu aliambiwa akashone magunia. Sibishani na mama. Nyayo zake zilisikia kweli, nimeona kwa macho yangu akisimamisha gurudumu kabla ya fundo kufika kwenye sindano. Ninachouliza ni hiki: je, zetu bado zinasikia?

Kumbuka ule moto. Ulikuwa nao na mimi nilikuwa nao. Ulisema shuka likigusa vidole vyako ni kama mtu amekumwagia makaa. Mimi nilikuwa na siafu wasioonekana, wanapanda kutoka kwenye kidole gumba hadi kifundoni, na soksi ambayo sikuivaa. Kisha mguu wangu wa kushoto ukanyamaza. Siafu wakaondoka, moto ukazimika. Wewe uliposema wako pia umenyamaza, tulishukuru pamoja.

Baada ya hapo, siku moja mchana, niliinuka kwenye cherehani kwenda kuchukua futi ya kupimia. Binti alikuwa nyuma yangu anachagua vitambaa.

"Mama, mbona umeshona kifungo kwenye kisigino?"

"Kifungo gani wewe? Acha utani, nina kazi."

"Kifungo chekundu. Mama... kipo ndani ya nyama."

Haikuwa kifungo, kaka. Ilikuwa pini, zile zenye kichwa chekundu, imezama yote kikabaki kichwa tu. Na pini za vichwa vyekundu tulikuwa tumezitumia siku tatu kabla, kwenye gauni la bibi harusi. Kwa hiyo nililala nayo. Nilikwenda nayo dukani na kurudi, nikapanda nayo ngazi, nikasimama juu yake nikimgombeza muuza vitambaa kuhusu rangi. Nilishona nayo asubuhi nzima, ninakanyaga, ninaimba, na mguu wangu haukusema hata neno.

Haya, wakili wa miguu iliyonyamaza, simama ujibu. Mguu ule ulikuwa umepona?

Kliniki walinitoa pini, wakasafisha, maana ndani palikuwa pameshaanza kuoza. Halafu nesi akanipima, na kipimo chenyewe utakipenda kwa sababu ni cha kazi yetu. Ni uzi! Uzi mmoja wa nailoni, mgumu kidogo, kama ule tunaofungia shanga. Akaniambia nifumbe macho, atanigusa wayo, nami niseme kila nikisikia. Nikafumba. Nikangoja. Nikangoja tena.

"Utaanza lini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Nimeshamaliza, mama."

Kaka, mimi nimeshika nyuzi tangu sijajua kusoma. Na uzi umepita mwilini mwangu bila hata kunisalimu.

Nikamdai daktari anieleze, nikadai na vitabu, nikavisoma vyote, hata kile alichoniambia si cha wagonjwa. Nikupe kiini chake. Sukari ikikaa juu muda mrefu huitafuna mishipa ya fahamu, na huanzia mbali, miguuni, ambako mishipa ni mirefu. Mishipa hiyo ni wajumbe. Mjumbe anayetafunwa hupiga kelele, na zile kelele ndizo moto wako na siafu wangu. Akitafunwa akaisha, hunyamaza. Sasa wewe, mtu mzima mwenye akili, mjumbe wako akinyamaza unasema vita vimekwisha? Huulizi kama ameuawa?

Nakubali, wapo ambao maumivu yao hupungua kwa sababu sukari imetulia na dawa imefanya kazi. Huenda wewe ni mmojawapo. Lakini huyo na yule aliyekufa ganzi wakikaa kwenye benchi moja, wote watakwambia "siumwi". Anayewatofautisha ni yule mwenye uzi. Wewe hujapimwa kwa uzi. Umejipima kwa furaha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kaka, na mshindo wa mguu huletwa na msumeno wa hospitali.

Basi, nikarudi kazini nimevaa viatu. Fundi viatu wa kona ya pili alinitengenezea, vipana mbele, ndani havina mshono unaosugua. Mpiga pasi wetu, yule tunayemwita Mzee Mvuke, akaniona mlangoni akaweka pasi pembeni ili anicheke kwa mikono miwili.

"Fundi, leo tunashona au tunapanda mlima?"

"Leo nakushona mdomo. Kaa tayari."

Alikuwa na haki ya kucheka, maana asubuhi ile nilishona mkono wa shati nikaufunga mwisho. Mguu haukujua pa kusimama. Mzee Mvuke akauinua mbele ya wateja. "Huyu mteja wetu," akasema, "mkono wake anautolea wapi?" Nilitamani nimpige pasi yeye. Nilivua viatu, nikaangalia pedali, nikaangalia bandeji yangu, nikavivaa tena.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo, nalo ndilo limenifanya niandike kwa haraka hii yote! Cherehani ina sauti. Mkanda ukilegea hupumua. Uzi wa chini ukikaribia kwisha, bobini huanza kugongagonga kama anayehesabu punje. Sindano butu hutafuna kitambaa kwa mlio wa mtu anayekula karanga. Vyote hivyo mama alivisikia kwa wayo, nami nikaanza kuvisikia kwa sikio. Nilifumba macho nikakanyaga na viatu vyangu, nikasimamisha gurudumu kabla ya fundo! Kabla, kaka! Kama yeye! Mzee Mvuke aliacha pasi ikaanza kuunguza suruali ya watu.

Kwa hiyo atakayekuambia fundi hashoni na viatu, mwambie aje kwangu na kitambaa chake. Na usinitajie mama. Mama alitufundisha kusikia. Miguu mitupu ilikuwa njia yake tu, na njia ikifungwa watu huzunguka.

Mguu wa kulia bado una moto, sikudanganyi. Daktari amenipa dawa ya mishipa yenyewe, maana vile vidonge vya kichwa tulivyokuwa tukimeza havikuwa vikisaidia kitu. Imepunguza, sasa shuka na mimi tunapatana. Na sukari nimeishika masikio. Kabla ya kuvaa kiatu natia mkono ndani nikague kila pembe. Soksi nazivaa nyeupe, ili damu ikitoka inishtaki mara moja, tena nazigeuza ndani nje ili mshono usinisugue. Binti anasema natembea kama mtu aliyevalia gizani. Kila jioni nakaa kwenye kiti na kioo kidogo, nakagua nyayo na katikati ya vidole kama ninavyokagua nguo kabla ya mteja kuja. Mzee Mvuke siku hizi ndiye anayepitisha sumaku sakafuni kuokota pini, na akiokota hata moja hutangaza mpaka mtaani.

Jambo jingine. Ulisema wifi hukujazia beseni la maji moto ukitoka kazini. Mwambie aache. Mguu usiojua pini haujui maji yanayochemka. Kama ni lazima kuosha, apime kwa kiwiko, maji vuguvugu tu, na akukaushe katikati ya vidole.

Nimekutumia jozi za soksi nyeupe nilizozishona mwenyewe bila mshono wa vidoleni. Na ndani ya soksi moja, kwenye kipande cha kitambaa, nimechomeka ile pini. Kuwa mwangalifu ukiichomoa. Ichomeke ukutani juu ya cherehani yako, uiangalie kila unapotaka kunikatia simu.

Wasalimie wanangu wote wawili, mkubwa umwambie shangazi anasubiri matokeo ya mtihani, mdogo umwambie shangazi ameshayasikia. Msalimie jirani yako mwenye redio. Shemeji yako anakusalimu katikati ya vikohozi viwili. Mungu awape afya, awape na riziki ya kuinunulia dawa.

Nilitaka kuishia hapo, kaka. Nimesimama, nikatia mafuta cherehani ili nianze kazi, na mkono umenisimama na chupa hewani.

Juzi kabla ya wewe kuchukua simu, wifi alinichekesha. Alisema kila Jumamosi anasugua doa kwenye pedali yako, doa la rangi ya kutu, upande wa kulia mbele, kwa sababu "cherehani ya kaka yako imezeeka, inavuja mafuta". Nawe ukapiga kelele kutoka ndani, "Kama mwenyewe!" Tukacheka wote watatu. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Nimeinama sasa hivi kuangalia yangu. Mafuta tunayatia juu. Yakidondoka, yanadondokea mezani, au nyuma kwenye gurudumu. Hayana njia ya kufika mbele ya pedali. Tena mafuta ya cherehani ni meupe kama maji, sisi wawili tumeyashika maisha yetu yote. Hakuna cherehani duniani inayovuja mafuta mekundu. Pale mbele kulia, kaka, pale ndipo unapokanyagia kwa nyama iliyo chini ya kidole gumba.

Sitalia, maana nina furaha ya jana na sitaki kuiharibu. Changu kilikuwa kimeanza kuoza na kimefunga. Chako kitafunga pia, kikionwa leo. Kwa simu ungenikatia tena, ndiyo maana binti anakuletea barua hii kwa mkono leo leo. Kikingoja mpaka kikuume, kitangoja milele, maana hakitauma.

Basi wewe, kaka, inuka kwenye hiyo cherehani. Sasa, hata kama suruali ya mteja imeshonwa nusu. Kaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, uweke mguu wa kulia juu ya kigoda, ufunge mdomo.

Na wewe, wifi yangu, wewe ndiye unayesoma barua hii kwa sauti kwa sababu yeye miwani huiacha kila mahali. Iweke chini. Chukua taa. Piga goti hata kama mgongo unakataa, tazama wayo wake wote, tenganisha vidole kimoja kimoja. Akicheka kuwa unamtekenya, mshukuru Mungu, halafu mpeleke kliniki. Asipocheka, mpeleke hivyo hivyo, hata kwa pajama. Usimsikilize. Mimi nimemsikiliza maisha yangu yote, najua anavyoshinda kesi.

Kisha nipigie simu, wifi, wewe na si yeye, uniambie umeona nini.

Ni mimi ninayekupenda hadi kukugombeza,
Dada yako,
Mkasi.